Koti la Kumvika Mfalme

Damu ilitoka kwa maji baridi na majivu, kama inavyotoka ukiiwahi. Tundu ndilo lililobaki. Lilikuwa chini ya ubavu wa kushoto, dogo, la kupitisha vidole viwili tu. Neža alilianika koti juu ya ua wa zizi, akasimama kulitazama likijaa upepo na kunywea, mpaka jirani yake Urša, aliyekuwa akipita na ndoo ya maziwa, akashindwa kuuzuia ulimi.

"Mama Gal, hilo tundu si ungelitia sindano kabla halijachanika zaidi? Sufu nzuri hiyo."

"Liache."

"Mi nasema tu. Nyuzi tatu nne—"

"Nimesema liache, Urša. Sindano ninayo na uzi ninao. Ninachokosa hukiuzi wewe."

Urša akabeba ndoo yake akaondoka bila kuaga. Neža hakumjali. Ilikuwa siku ya tisa tangu wamzike Gal, na katika siku hizo tisa alikuwa amegundua kwamba huruma za watu huchosha kuliko kuvuna.

Mtawala wa zamani wa Korotan alikufa wakati wa kwaresima bila kuacha mtoto, na kwa hati ambazo hakuna mkulima aliyewahi kuziona, nchi ikamwangukia Mfalme Zbinek wa ng'ambo ya milima. Mfalme alikuwa na nchi yake tayari, kubwa tu, lakini nani amewahi kumwona mfalme aliyeshiba? Kabla hajafika mwenyewe walifika wapanda farasi wake, wakawa wanapita kijiji kwa kijiji kuchukua farasi. Gal, mwenye miaka kumi na saba, walimkuta shambani anakusanya majani makavu. Akawaambia kwa adabu kwamba wachukue wamtakaye ila yule jike wa madoa, kwa sababu huyo amefugwa kwa ajili ya siku ya jiwe, na mfalme wao mwenyewe atamhitaji. Kapteni wao, mtu aitwaye Hynek, alimchoma mkuki hapo hapo. Baadaye alisema kijana alimwinulia silaha. Silaha yenyewe ilikuwa reki ya mbao, tena yenye mapengo mawili.

Neža alikwenda kwa miguu hadi ngomeni kudai hukumu. Karani mmoja mwenye mafua alimsikiliza hadi mwisho, na hilo lilikuwa jema lake pekee.

"Mama, nchi haina hakimu," alimwambia. "Hakimu ni mkuu wa nchi, na mkuu hayupo mpaka aketishwe. Akishaketishwa, njoo."

"Na huyo atakayeketishwa si ndiye bwana wa aliyeua?"

"Ndiyo hivyo mama. Sheria sikuitunga mimi."

Na wa kumketisha mfalme huyo ni nani? Mohor, mume wake. Hapo ndipo moyo wa Neža ulipokuwa ukirudi kila usiku na kila asubuhi, kama ulimi unavyorudi kwenye jino bovu. Kwetu Korotan, mtu anaweza kuja na majeshi na hati na baraka za maaskofu, lakini hawi mkuu mpaka apite uwandani, chini ya kanisa la Bikira, penye kitako cha nguzo ya watu wa kale kilichopinduliwa. Juu ya jiwe hilo huketi mkulima huru wa nyumba ile moja, baba hadi mwana. Mgeni huja amevaa koti la kijivu la mkulima, lililotoka katika nyumba hiyo hiyo, anaongoza fahali wa madoa na farasi jike wa madoa. Mkulima huuliza maswali, na watu humjibia mgeni. Wakimjibia vizuri, mkulima humpiga kofi jepesi la shavuni ili akumbuke, humpisha, na nchi inakuwa na mwenyewe. Wakikataa kumjibia, basi. Lakini hakuna aliyekumbuka watu kukataa.

Mohor alikuwa mpole kama maji ya mtungini. Siku ile walipomleta Gal juu ya mlango wa zizi uliong'olewa, hakulia wala hakupiga kelele. Alimlaza vizuri, akamfumba macho, kisha akarudi shambani kumalizia safu za majani ambazo mwanawe aliziacha, kwa sababu mvua ilikuwa inakuja. Neža alimwona kutoka dirishani akiinama na kuinuka, akiinama na kuinuka, na kitu fulani ndani yake kikajifunga. Tangu siku hiyo hakumwita tena Baba Gal. Alimwita Mohor, kama anavyomwita mtu wa sokoni.

Kitambaa cha koti la mfalme alikuwa ameshakifuma tangu Pasaka, na koti lilikuwa tayari, jipya, la sufu ya kondoo wao wenyewe. Hilo ndilo alilomvika Gal walipomzika. Mohor na binti yao Jera walikuwa nje na majirani wakichimba. Neža alimwosha peke yake, akamvika peke yake, akamfunika sanda mpaka kidevuni. Koti lenye tundu alikuwa amemvua, akalitia majini. Hakuwa ameamua lolote. Mkono ulitangulia, akili ikafuata nyuma ikihema.

Siku moja kabla ya siku ya jiwe, walipokuwa wakila uji wa mtama mchana, alimwambia Jera aende kuchota maji ingawa mtungi ulikuwa umejaa. Jera alikuwa mwanamke wa miaka kumi na tisa, si mtoto wa kudanganywa. Alichukua ndoo akamtazama mama yake kwa muda, kisha akatoka. Neža akaweka kisu mezani, kile chembamba cha kuchunia kondoo, amekinoa mpaka kinaakisi dirisha.

"Kesho hatakuwa na dirii," alisema. "Hatakuwa na upanga wala kofia ya chuma. Koti tu. Katika maisha yake yote mfalme yule ni kesho tu ndiyo atasimama mbele ya mtu kama alivyozaliwa. Na mtu mwenyewe ni wewe."

Mohor aliendelea kula. "Na fahali je?"

"Fahali? Fahali anaingiaje hapa?"

"Ukimchoma mtu aliyeshika kamba ya fahali, fahali anakimbia. Watu wamejaa pale, na watoto."

"Wewe Mohor!" Sauti ilimpanda mwenyewe bila kutaka. "Mwanao yuko chini ya udongo na wewe unanihesabia watoto wa watu! Una nini mishipani, maziwa mgando?"

Mohor alimaliza uji wake, akafuta bakuli kwa kipande cha mkate kama desturi yake, akakichukua kile kisu na kukitazama pande zote mbili.

"Kina makali," alisema. Akatoka nacho. Neža akabaki mezani, akihisi furaha, furaha chungu ambayo mtu haisimulii.

Mfalme alivalishwa ndani ya zizi lao, kwa sababu ndivyo desturi ilivyotaka: mgeni aingie mlango wa ng'ombe kama mfalme, atoke kama mkulima. Wakuu wake walibaki nje wakikanyaga mbolea kwa viatu vya ngozi laini. Mwenye kumvisha ni mwanamke wa nyumba, naye huingia peke yake. Zbinek alikuwa mwanamume wa miaka thelathini na kitu, mwembamba kuliko ilivyotarajiwa, kucha zake ameziguguna. Lugha yake ilikuwa binamu ya lugha yetu. Ulimwelewa kama unavyomwelewa mlevi, kwa kukisia nusu.

Alivua hariri zake kimya, akainyoosha mikono. Neža alimvika koti. Lilimwenea vizuri kabisa. Alikuwa hajajiandaa kwa hilo, na ikabidi ashike mgongo wa ng'ombe kwa muda.

"Hapa pametoboka," alisema mfalme. Alikuwa ametia kidole tunduni, anakichezesha. "Nyumba yenu haina sindano, mama?"

"Sindano ipo."

"Basi?"

"Hapo ndipo mkuki wa kapteni wako ulipoingilia. Hynek. Alikuwa mwanangu."

Kidole kiliacha kucheza. Hakukitoa upesi, ila alikitoa.

"Niliambiwa alikuwa mtu mwenye mundu mrefu. Niliambiwa aliwarukia."

"Alikuwa na reki. Alikuwa anamlinda jike wa madoa asichukuliwe, ili wewe leo uwe na farasi wa kuongoza. Ndiye huyo hapo nje amefungwa, mtazame. Huyo ndiye."

Nje watu walikuwa wanacheka kitu. Mfalme alitazama mlango.

"Nipe koti jingine."

"Hakuna. Lile nililokufumia wewe amevaa yeye. Ukilitaka, nitakupeleka kaburini ukachimbe."

Alikuwa amelisema. Miezi miwili alikuwa akililea neno hilo, na sasa limetoka, akangoja apigwe au aitiwe askari. Hakuna kilichotokea. Mfalme alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, koti la Gal likajikunja tumboni mwake pale pale lilipokuwa likijikunja kwa Gal.

"Hynek ni ndugu yangu wa kunyonya," alisema. "Mama yake alininyonyesha. Unaelewa?"

"Mimi pia nilinyonyesha."

 Mfalme akasimama, akachukua kofia pana ya kijivu na fimbo.

"Mtaniketisha leo. Nikishaketi, nitamhukumu kabla ya theluji ya kwanza. Neno langu hilo, la mtu aliyevaa koti hili. Unataka niape kwa nini?"

Neža hakutaka kiapo. Alitaka mtu huyu awe mwovu kabisa, mweupe wa meno na mkavu wa macho, ili kisu kiwe chepesi. Badala yake alikuwa na mtu aliyesema "kabla ya theluji", akamwacha na tumaini mkononi kama mtu anayekushikisha kaa la moto. Alimtazama akitoka mlango wa ng'ombe, ameinama. Ndipo alipokumbuka kwamba Mohor tayari yuko juu ya jiwe.

Alikimbia. Mwanamke wa makamo, sketi ameikunja kiunoni, anapenya katikati ya watu, na watu wakimpisha kwa sababu walimjua. Alipofika mbele, Mohor alikuwa ameketi juu ya jiwe, mguu mmoja ameupandisha juu ya goti la mwingine kama desturi inavyotaka. Uso wake haukusema lolote. Mfalme alikuwa anakuja pole pole kutoka upande wa zizi, kamba ya fahali mkono huu, kamba ya farasi mkono huu. Nyuma yake, mbali kidogo, wakuu. Na miongoni mwao kapteni Hynek, mwekundu wa ndevu, amebeba upanga ambao mfalme angepewa baadaye. Alikuwa anapiga miayo.

"Nani huyo ajaye?" Mohor aliuliza.

"Ni mkuu wa nchi!" watu wakajibu.

Lakini sauti zao zilikatika kabla ya mwisho, maana mfalme alikuwa ameshafika karibu, na watu wa vijiji vile wote walilijua koti lile. Siku walipomleta Gal nyumbani, ndilo alilokuwa amevaa. Mnong'ono ukapita. Urša aliziba mdomo kwa mkono. Mohor mwenyewe hakuwa amejua kwamba ndilo atakalovikwa mfalme. Neža alimwona akilitambua, jinsi macho yake yalivyoshuka mpaka ubavuni, yakasimama pale.

"Ni mtu huru wa kuzaliwa?" aliuliza, baada ya muda.

"Ndiye, na atakuwa ndiye," walijibu wachache.

"Ni hakimu wa haki?"

Hakuna aliyejibu. Fahali akatikisa masikio. Watu mia nane, labda elfu, na wote walikuwa wamemgeukia Neža. Mohor pia alimtazama. Wala hakumtazama kama mtu anayeuliza. Alimtazama kama mtu aliyefika mahali na sasa anangoja mwenzake naye afike. Mfalme hakuruhusiwa kusema neno. Alisimama na kamba zake mbili, jasho likimtiririka chini ya kofia ya mkulima, na kwa mara ya kwanza Hynek akaacha kupiga miayo.

Kisha Neža aliuona mkono wa Mohor ukishuka taratibu kuelekea kwenye buti lake.

Aliona yote kwa pamoja, kama mtu anavyoliona shamba lote radi ikipiga. Kisu kikitoka, mfalme akianguka, Mohor akikatwa vipande juu ya jiwe la baba zake, Jera, moto kwenye mapaa. Miezi miwili alikuwa akimwomba Mungu saa hii, na ilipofika alikuta anataka kitu kimoja tu, mume wake arudi nyumbani ale.

"Ndiye!" alipiga kelele. "Ndiye, na atakuwa ndiye!"

Watu wakapumua, wakaipokea, ikanguruma uwanda mzima. Mkono wa Mohor ulisimama. Aliuliza maswali yaliyobaki kwa sauti iliyochoka, akajibiwa, akateremka. Alipaswa kumpiga mfalme kofi. Alinyanyua mkono, akamgusa shavu kwa ncha za vidole. Kisha, kabla ya kuuteremsha, akaupitisha juu ya bega la lile koti na kulinyoosha lilipokunjika. Basi. Akachukua kamba ya fahali na kamba ya farasi, akaondoka, na nchi ikawa na mwenyewe.

Walipofika nyumbani Neža alikata mkate, na chini ya kitambaa cha kufunikia mkate akakikuta kisu.

"Hukwenda nacho?"

"Sikwenda nacho," Mohor alijibu. Alikuwa anamfunga farasi jike, anaonekana kupitia mlango ulio wazi. "Ningekuwa nacho ningekitumia. Najijua."

"Nilikuona unakifuata. Ulipeleka mkono kwenye buti."

"Mguu ulikuwa umekufa ganzi. Si unajua jiwe lile lilivyo?"

Neža aliketi.  "Ulikuwa unangoja nini basi, wakati ule? Ulikuwa unanitazama unangoja nini?"

Mohor aliacha kamba. Alikuja akasimama mlangoni, jua nyuma yake, na yeye ambaye katika miaka ishirini na miwili hakuwahi kumjibu kwa maneno zaidi ya kumi, sasa alimjibu.

"Nilikuwa nangoja unyamaze. Ukinyamaza wewe, nani angethubutu kujibu? Na kama hakuna anayejibu, mi siondoki. Ningekaa pale, Neža. Leo na kesho na mpaka theluji inifunike. Yeye angesimama na fahali wake mbele ya watu wote, kavaa koti la Gal, si mkuu wa kitu chochote, mpaka amtoe yule mwekundu wa ndevu. Wangeniua? Waniue juu ya jiwe, nani tena angewaketisha? Nililiona lile koti nikasema, ah, mama Gal amewaza kama mimi. Amewaza kuliko mimi." Alifuta uso kwa mkono. "Kumbe sivyo."

Hakusema kwa kulaumu, na ingekuwa heri angelaumu. Neža alikaa na mkate mkononi. Aliyaona majani yale tena, Mohor akiinama na kuinuka mvua ikija, akimalizia kazi ya mwanawe safu kwa safu. Na akaelewa, akiwa amechelewa kama anavyochelewa kila mtu, kwamba mtu anayeweza kufanya vile anaweza kukaa juu ya jiwe mpaka dunia iishe. Alikuwa ameolewa na mwamba, akamdhania maji.

Theluji ya kwanza ilianguka mapema mwaka ule. Wiki moja kabla yake Hynek alifanywa mkuu wa ngome, ile ile yenye karani mwenye mafua, na kuanzia hapo aliyekuwa na shauri alilipeleka kwake. Wiki moja baada yake alikuja mjumbe wa mfalme, kijiji kizima kikatoka kumwangalia. Alileta koti, kwa kuwa desturi inataka koti lirudi katika nyumba lilikotoka. Lilikuwa limefunikwa kwa kitani safi na kunukia maua. Tundu halikuwepo. Mtu fulani huko kwa mfalme, mwenye mikono ya dhahabu kwa kweli, alikuwa amelishona kwa uzi wa hariri, mshono mdogo kama nyayo za sisimizi, na juu yake ametarizi jani moja la kijivu, ili jicho lisione palipokuwa na jeraha.

"Mfalme anasema ni kumbukumbu," alisema mjumbe. "Anasema hajasahau."

"Mwambie nasi pia," Neža alijibu, akafunga mlango.

Aliketi karibu na dirisha, theluji ikitia mwanga mweupe ndani, akalitandaza koti juu ya magoti. Kisha akachukua kile kisu chembamba, na kwa ncha yake akaanza kuifumua mishono, mmoja baada ya mwingine. Kitambaa kilikuwa kinateleza. Mohor, aliyekuwa anachonga meno mapya ya reki, aliweka kazi yake chini, akavuta kigoda, akaushika upande wa koti na kuuvuta ukazane.

"Shikilia hapo hapo, Baba Gal," alisema Neža.

Mohor akashikilia. Jera alikuwa amesimama nyuma yao. Nyumba ingekuwa yake siku moja, na jiwe la mumewe au mwanawe.

"Akifa huyu na akaja mwingine," alisema, "atavaa hili hili?"

"Hili hili."

"Na akiniuliza kwa nini limetoboka?"

"Utamwambia. Na ukimaliza kumwambia," Neža alisema, bila kuinua macho, "ukifika pale uwandani, unyamaze."

Jani lilikuwa limeshatoka, limebaki kwenye sakafu na nyuzi zake. Mshono wa mwisho ulikuwa na uzi mrefu. Aliuvuta pole pole usikatike, Mohor ameshika, mpaka tundu likafunguka.